Prosesa Iliyosuguliwa kwa Majivu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti aitwaye Robi alisugua vyombo nyuma ya jiko lao kule Nyamwaga, wilayani Tarime. Alitumia majivu ya jana, maji kidogo na kipande cha gunia. Alisugua kwa bidii kiasi kwamba kama sufuria zingekuwa na mdomo, zingekwenda kushtaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Mama yake, Tabitha, alikuwa na sheria moja ambayo watoto wake waliijua kuliko jedwali la kuzidisha: chombo cha mtu hakirudi kwa mwenyewe kikiwa kichafu, wala hakirudi kitupu. Ukiazima bakuli kwa jirani, unalisugua mpaka ling'ae, kisha unatia humo ndizi mbili tatu ndipo unalirudisha.

Wakati Robi akisugua, mdogo wake Marwa alikuwa akimfungulia ndama kamba. Marwa alikuwa na miaka minane, na hakuwa akisikia. Alipokuwa mdogo aliugua homa ya uti wa mgongo. Homa ilikwisha, lakini masikio hayakupona. Nyumbani walizungumza naye kwa ishara walizozibuni wenyewe. Vidole viwili kichwani vilikuwa ng'ombe, na kupuliza kiganja kulikuwa uji wa moto.

Ishara hizo zilitosha kwa uji na ng'ombe. Hazikutosha kwa maswali, na Marwa alikuwa na maswali mengi. Mara nyingi alimvuta Robi mkono, akaonyesha mawingu mazito yaliyokuwa yakija kutoka upande wa ziwa, akafungua viganja vyake, akasubiri. Robi hakujua anaulizwa nini. Basi alitikisa kichwa kama aliyeelewa, ili mdogo wake asihuzunike. Marwa alihuzunika hivyo hivyo, kwa sababu kutikisa kichwa si jibu.

Aliyeliona tatizo hilo ni Mwalimu Honoratha, aliyepangiwa kazi Nyamwaga kutoka Bukoba, na ambaye alimfundisha Robi sayansi darasa la sita. Yeye hakusomea kufundisha viziwi. Lakini rafiki yake, mwalimu wa watoto viziwi, alimpa video za Lugha ya Alama. Kila siku baada ya masomo, Mwalimu Honoratha aliwaketisha Robi na Marwa ofisini mbele ya laptop yake, wakajifunza wote watatu pamoja.

Taabu ilikuwa laptop yenyewe. Ilikuwa ya zamani na nzito, na video zilikuwa zinaishinda. Mwanamke wa kwenye video alianza kuinua mikono vizuri, kisha akaganda, mkono ukiwa hewani, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ghafla picha iliruka na mikono ikawa mahali pengine. Pabaya zaidi palikuwa kwenye somo la maneno ya kuuliza. Hapo iliganda kila mara, na hakuna aliyewahi kuona mwisho wa "wapi" wala "kwa nini".

Siku moja Marwa alitaka kumweleza mwalimu kuhusu ndama wao. Aliinua mikono, akaanza ishara, halafu akaisimamisha hewani na kutulia. Baada ya hapo akairusha upande mwingine na kumaliza. Akafanya hivyo kwa ishara ya pili, na ya tatu. Robi alicheka akidhani ni utani, lakini Mwalimu Honoratha hakucheka.

"Robi, hatanii," alisema taratibu. "Anafikiri ndivyo lugha ilivyo. Anafikiri watu wanaozungumza kwa mikono huwa wanaganda katikati ya neno."

Robi aliacha kucheka. Machozi yalimlengalenga, na mwalimu naye akafunga laptop mapema siku hiyo.

Wiki iliyofuata mwalimu aliipeleka laptop Tarime mjini kwa Elieth, fundi wa kompyuta ambaye wazazi wake walikuwa wakulima wa Nyarero. Elieth aliifungua, akaichungulia na kuleta habari njema. Laptop nyingi za siku hizi, alieleza, prosesa zake, yaani ubongo wa kompyuta, huchomelewa humo humo, hazitoki. Prosesa ya hii ya zamani ilikuwa ya kutoka. Ilichohitaji ni prosesa yenye nguvu zaidi, ya aina inayokubaliana nayo. Alitafuta kwa muda mrefu mpaka akapata moja kwa muuza vipuri wa Sirari, iliyokwisha kutumika lakini nzima. Nyingine ya aina hiyo hakuiona popote.

Ijumaa, Mwalimu Honoratha alikuwa na mkutano wa walimu mbali na shule. Kabla ya kuondoka alimwita Robi.

"Mjomba wako Heche atapita na hiesi yake ya abiria kutoka Sirari mchana. Atakupa kifurushi kidogo. Kipokee, ukitunze kama kilivyo, kesho asubuhi uniletee ofisini. Fundi Elieth atakuja kuifunga prosesa kwenye laptop."

"Ndiyo, mwalimu. Nitakitunza."

Mjomba Heche alisimamisha hiesi barabarani, akampa kifurushi kupitia dirishani. "Angalia usikiangushe," alisema. "Huyo muuzaji amenipa maelezo mengi kuliko abiria wa Sirari wenye mizigo."

Kifurushi kilikuwa kimefungwa kwa gazeti, na gazeti lilikuwa limelegea pembeni. Robi alifika nyumbani, akaketi nyuma ya jiko na kukitazama. Nani angevumilia? Alilifungua gazeti polepole. Ndani mlikuwa na kiboksi cha plastiki, na ndani ya kiboksi kulikuwa na kitu cha mraba, kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti.

Alikigeuza, akashika pumzi. Upande wa chini ulikuwa umejaa vijiti vya rangi ya dhahabu, vyembamba kama nywele, mamia kwa mamia, vimejipanga safu kwa safu bila kukosea. Hata shamba la mahindi lililopandwa kwa kamba halikuwa na mistari iliyonyooka namna hiyo. Robi alijiuliza ni mkono wa nani ulioweza kuvipanga. Alitazama kwa muda mrefu, hata akasahau kwamba ana kuni za kukusanya.

Kisha akaona uchafu. Upande wa juu, kwenye kipande kidogo kilichotakiwa kung'aa, palikuwa na utandu wa kijivu uliokauka na kupasuka. Katikati ya vijiti mlikuwa na vumbi jekundu. Sheria ya mama ilimjia mara moja. Angempelekeaje mwalimu kitu kichafu?

Robi alichota majivu. Alisugua upande wa juu kwa kipande cha gunia mpaka utandu ukatoka na kipande kile kikang'aa kama kioo. Alifurahi. Akachukua mswaki wa zamani, akauchovya kwenye majivu na kuanza upande wa vijiti. Alisugua kidogo tu. Mswaki ukanasa mahali, na Robi akauvuta.

Kijiti kimoja, karibu na katikati, kilikuwa kimelala.

Robi aliweka mswaki chini. Alijaribu kukiinua kwa ukucha, nacho kikalala upande wa pili. Akakiacha. Alipangusa majivu kwa kitambaa kibichi, akairudisha prosesa kwenye kiboksi na kulifunga gazeti upya, safari hii kwa uzi.

Marwa alikuwa amesimama karibu na zizi akimtazama. Alifungua viganja vyake kumuuliza. Robi akapunga mkono: hakuna kitu. Huo ulikuwa uongo, na uongo wa mkono ni uongo tu kama ule wa mdomo. Usiku huo Robi hakula vizuri, na mama alipomuuliza alisema amechoka.

Jumamosi asubuhi mvua ilinyesha. Robi na Marwa walifika shuleni na kifurushi pamoja na chane la ndizi mbivu, kwa sababu mama hakukubali waende mikono mitupu. Elieth alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa dada mwembamba, na alikuwa ametandika kitambaa safi juu ya meza ya mwalimu na kupanga bisibisi zake juu yake.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ahsante kwa ndizi," alisema Mwalimu Honoratha. "Kifurushi kilifika salama?"

Robi alikiweka mezani. "Kilifika salama, mwalimu."

Elieth alichomoa betri, akafungua skrubu za chini na kuinua mfuniko. Robi na Marwa wakainama. Hawakuwahi kufikiri kwamba ndani ya laptop mnaweza kuwa na kitu kama kile. Kulikuwa na ubao wa kijani wenye vinjia vyembamba vilivyopishana kila upande, vingi kuliko njia za ng'ombe zinazokwenda mtoni. Juu yake kulilala bomba la shaba lililokwenda mpaka kwenye feni ndogo.

"Hili bomba linatoa joto," Elieth alieleza, akilifungua. "Prosesa ikifanya kazi inapata moto. Bila bomba na feni ingejiunguza yenyewe."

Chini ya bomba kulikuwa na prosesa ya zamani. Elieth alizungusha skrubu moja bapa nusu mzunguko, nayo ikalegea, akaitoa kwa vidole viwili bila kutumia nguvu.

"Kumbe kazi yote inafanywa na hiki kidude?" Robi aliuliza. Kwa kitambo alisahau hofu yake.

"Yote. Kila picha unayoiona na kila herufi unayoiandika inahesabiwa humu. Ndani yake mna swichi, kama ile ya taa ya ukutani, ila hizi huwezi kuziona kwa macho. Zinawaka na kuzimika haraka kupita kiasi. Unajua ziko ngapi?"

"Elfu?"

"Chukua ng'ombe wote wa Tarime. Ongeza nyumbu wote wa Serengeti wanaovuka Mto Mara. Bado hujafika hata karibu. Ni mamilioni, mamia ya mamilioni."

Mwalimu Honoratha, ambaye alifundisha sayansi, aliweka kalamu chini. "Mimi mwenyewe kila nikisikia hivyo nashindwa kulala," alisema. "Binadamu aliwezaje?"

Robi alitazama mraba ule mdogo kiganjani mwa Elieth. Aliwaza nyumbu wote wale, wakikimbia bila kugongana ndani ya kitu kisichozidi kisanduku cha kiberiti.

"Sasa hii mpya," alisema Elieth, akifungua kiboksi. "Kila kijiti kina tundu lake kwenye ubao, na kila kimoja kina ujumbe wake. Viwili vikigusana halafu tukawasha umeme, prosesa inaweza kuungua, na ubao nao ukaenda. Hapo laptop inabaki ya kuwekea chungu." Aliinua prosesa, akatabasamu. "Huyu muuzaji leo amenifurahisha. Huwa anauza vitu na uchafu wake. Hii ameisafisha mpaka inang'aa."

Kama angesifiwa hivyo siku nyingine, Robi angetembea kwa maringo mpaka Jumapili. Sasa sifa ile ilimchoma. Elieth alikuwa tayari anailinganisha pembe ya prosesa na alama iliyokuwa kwenye ubao. Marwa hakuwa anatazama meza. Alikuwa anamtazama dada yake usoni, na alimgusa kifuani taratibu, kumuuliza kama anaumwa. Robi aliwaza mikono ya mdogo wake ikiganda hewani mwaka baada ya mwaka, kwa sababu yake yeye.

"Dada Elieth, usiiweke."

Mkono wa Elieth ulisimama.

"Niliisugua mimi. Ilikuwa chafu, nikaisugua kwa majivu na mswaki. Kijiti kimoja kimelala."

"Robi," alisema mwalimu, "si umesema kilifika salama?"

"Kilifika salama, mwalimu. Hakikukaa salama kwetu." Robi alianza kulia. "Niliogopa. Nikafikiri labda hakina kazi, maana viko vingi."

Elieth aliipeleka prosesa dirishani, akaiinamisha huku na huku kwenye mwanga hafifu wa mvua. Alikaa hapo muda mrefu.

"Hiki hapa, kimejificha katikati," alisema hatimaye. "Na majivu bado yamo. Huenda ningekiona, huenda nisingekiona. Robi, nisikilize vizuri. Kilikunjika mara moja tu?"

Robi angeweza kusema ndiyo. Mswaki ulikuwa bahati mbaya, lakini ukucha ulikuwa ubishi wake mwenyewe. Alifuta machozi kwa mgongo wa mkono.

"Mara mbili, dada. Kwanza mswaki. Halafu nikajaribu kukiinua kwa ukucha, kikalala upande mwingine."

"Umefanya vizuri kuniambia. Uzi wa chuma ukikunjwa mara nyingi hukatika. Ningedhani ni mara ya kwanza, ningekinyoosha kwa mkupuo mmoja na ningekivunja. Kwa hiki kilichochoka tutakwenda pole pole."

Alipiga vijiti mswaki laini uliolowa spiriti mpaka majivu yote yakatoka, akaiacha prosesa ikauke kabisa. Kisha akamwomba mwalimu penseli yake, ile ya kubofya. Aliitoa risasi yote ya kuandikia, ikabaki ncha tupu yenye tundu dogo. Alikivisha kijiti tundu lile, akakiinua kidogo, akapumzika. Akakiinua kidogo tena. Mwalimu Honoratha alifumba macho. Marwa, ambaye hakuambiwa lolote na mtu yeyote, alikuwa ameelewa yote, na alimshika dada yake mkono.

"Kimesimama," alisema Elieth. "Lakini kama kimepona, hatujui mpaka tuwashe."

Aliiweka prosesa mahali pake, ikazama yenyewe bila kusukumwa. Akakaza ile skrubu bapa, akatia juu ya prosesa dawa nyeupe ya kupitishia joto, kiasi cha punje moja ya mchele. Akarudisha bomba, feni na mfuniko. Akatia betri, akabonyeza kitufe.

Feni ilivuma. Kioo kilibaki cheusi. Kisha feni ikazimika.

Robi aliinamisha kichwa, akasubiri kuambiwa kwamba ameua laptop ya mwalimu na masomo ya mdogo wake kwa mswaki wa zamani. Elieth aliinua kidole kimoja. "Ngojeni. Inaitambua prosesa mpya."

Laptop ikajiwasha yenyewe. Feni ilivuma tena, na kioo kikajaa mwanga. Mwalimu Honoratha alisema tu, "Mungu ni mwema," akaketi kitini kama mtu aliyetoka kulima.

Wakafungua video ya maneno ya kuuliza. Mwanamke yule aliinua mikono, na Robi akajikaza kwa mazoea, akisubiri agande. Hakuganda. Mikono yake ilikwenda kama maji, neno likaingia katika neno, mpaka mwisho wa "wapi", mpaka mwisho wa "kwa nini". Robi hakujua kwamba lugha ile ilikuwa nzuri kiasi hicho.

Marwa alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Aligeuka akawatazama watu wazima, akaitazama mikono yake, akaitazama video. Kisha akainua mikono na kurudia. Alipofika pale pa kugandia alisita kidogo, macho yakiwa kwenye kioo, halafu akapita. Alirudia tena bila kusita, akacheka kwa sauti, kicheko ambacho yeye mwenyewe hakukisikia.

Elieth alikusanya bisibisi zake, akala ndizi mbili, akaondoka kuwahi gari la Nyarero kwa wazazi wake. Mwalimu Honoratha alimwita Robi karibu na meza.

"Nilikuambia ukitunze kama kilivyo. Hukutunza."

"Nisamehe, mwalimu. Nilitaka kiwe safi."

"Najua. Usafi ni jambo jema, na mama yako amekulea vizuri. Lakini kila kitu kina usafi wake, na usichokijua, unauliza kwanza. Hilo ni la kwanza." Alimwekea mkono begani. "La pili ni kubwa zaidi. Jana usiku kosa lako lilikuwa kijiti kimoja. Leo asubuhi lilibakiza kidogo liwe laptop nzima. Hukuongeza kosa lingine ila kunyamaza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na uliposema, ulisema lote, hata la ukucha. Nusu ya ukweli ingekivunja kile kijiti. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwalimu."

"Basi nenda ukapungie hewa. Leo umelia vya kutosha."

Mvua ilikuwa imekatika. Robi alitoka kibarazani, na Marwa akamfuata mbio. Alimvuta mkono kama siku zote, akaonyesha mawingu yaliyobaki upande wa ziwa. Lakini safari hii hakufungua viganja na kusubiri. Alionyesha matone yanayodondoka kutoka kwenye bati, kisha mikono yake ikasema neno jipya, zima, tangu mwanzo mpaka mwisho: wapi.

Mvua inatoka wapi. Kumbe siku zote alikuwa anauliza hilo. Robi alilijua jibu. Alilisoma darasani na alipata vema yote. Lakini hakuwa na mikono ya kulisema. Zamani angetikisa kichwa, mambo yakaisha. Alimtazama mdogo wake machoni, akatoa ishara waliyoiona mwishoni mwa video dakika chache zilizopita: sijui. Halafu akamshika mkono na kumrudisha ofisini.

"Mwalimu," alisema mlangoni, "Marwa anauliza mvua inatoka wapi, na mimi sijui kumwambia."

Mwalimu Honoratha aliwatazama wote wawili. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akavuta viti viwili mbele ya laptop.

"Ingieni," alisema. "Tutaanza na wingu."